Treni ya Haraka na Abiria Anayeachwa Kituoni

Mji ukishajenga reli nyepesi, hazipiti siku nyingi kabla swali hili halijaulizwa: kwa nini kusiwe na treni za haraka? Abiria anayekaa mwisho wa njia anaona treni ikisimama kila baada ya mita mia tano, milango inafunguka, anashuka mmoja, wanapanda wawili, milango inafungwa, na yeye anawaza angefika saa ngapi lau vituo vile vingerukwa. Mwanasiasa anaona ahadi inayoeleweka kwa sentensi moja. Mpanga ratiba ndiye anayebaki na kazi ngumu ya kueleza kwa nini jambo linaloonekana rahisi namna hiyo huwa halilipi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba, kwenye reli nyepesi ya mjini yenye njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, ekspresi ya kila siku huwapunguzia wachache dakika chache kwa kuwaongezea wengi muda wa kusubiri. Mabehewa na madereva wanaotengwa kwa ajili yake wangewafaa abiria zaidi kama wangewekwa kwenye treni za nyongeza: treni za masafa mafupi asubuhi na jioni, treni za siku ya mechi, treni za usiku wa tamasha. Katika mijadala ya usafiri huduma hizi mbili hutiwa kapu moja chini ya jina la huduma maalumu, ilhali zinafanya kazi kinyume. Ekspresi inawapita watu, na treni ya nyongeza inawafuata walipo.

Tuanze na reli yenyewe. Basi likikuta jingine limesimama, linatoka pembeni na kulipita. Treni haiwezi kufanya hivyo mpaka mtu awe ameijengea mahali pa kupitia. Wajenzi wa reli ya chini ya ardhi ya New York, iliyofunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904, walilimaliza jambo hilo kwenye michoro: kuanzia City Hall hadi mtaa wa 96 walilaza reli nne sambamba, mbili za treni zinazosimama kila kituo na mbili za treni za haraka. Hadi leo abiria wa pale hushuka kwenye treni ya kawaida, akavuka jukwaa hatua chache, akapanda ya haraka. Reli nyepesi ilibuniwa kwa mantiki nyingine. Ilikusudiwa iwe nafuu, ipite juu ya barabara, ichukue upana wa safu mbili za magari, isubiri taa pamoja na pikipiki na waenda kwa miguu. Kuitaka iwe na reli ya tatu na ya nne katikati ya mji ni kutaka mfumo mwingine kabisa, wenye bei nyingine na bomoabomoa nyingine. Kinachowezekana ni njia ya kupishana, yaani kipande cha reli ya pembeni ambako treni ya kawaida huingia na kungoja ya haraka ipite. Lakini waliomo ndani ya treni inayongoja ndio wanaolipa dakika hizo, na ya haraka ikichelewa kidogo tu huko ilikotoka, zote mbili zimechelewa.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watetezi wengi wa ekspresi hupita haraka. Treni nyepesi inayokwenda kilomita 60 kwa saa, ikipunguza na kuongeza mwendo kwa kiwango cha kawaida kisichowaangusha waliosimama, hupoteza sekunde kama 17 kwa kusimama na kuondoka. Ukiongeza sekunde 20 au 25 za milango kuwa wazi, kituo kimoja kinagharimu sekunde zipatazo 40. Katikati ya mji, ambako mwendo ni kilomita 30 kwa saa au pungufu, gharama hiyo hushuka hadi nusu dakika hivi. Ruka vituo 8 vya pembeni ya mji na umeokoa dakika 5 na sekunde chache. Kwa mfanyakazi anayesafiri kila siku, dakika hizo zina maana. Tatizo ni treni iliyotangulia. Kama treni zinaondoka kila baada ya dakika 5, ekspresi itakuwa imeikuta ya mbele kabla haijamaliza kuruka kituo cha nane, na kutoka hapo itaifuata nyuma polepole hadi mwisho wa safari. Kadiri njia inavyokuwa na treni nyingi, ndivyo ekspresi inavyokosa nafasi ya kukimbia. Ili ipate nafasi, lazima treni za kawaida zipunguzwe mbele yake, na hapo ndipo tunapofika kwa abiria ambaye hajaulizwa.

Huyo ni abiria wa kituo kinachorukwa. Chukua njia yenye treni kila dakika 10. Mtu anayefika kituoni bila kutazama ratiba husubiri, kwa wastani, dakika 5. Geuza kila treni ya tatu iwe ekspresi, bila kuongeza behewa hata moja. Kwenye kituo kinachorukwa treni sasa zinakuja baada ya dakika 10, kisha 20, kisha 10, kisha 20. Mtu angedhani wastani wa kusubiri umepanda hadi dakika 7 na nusu. Umepanda zaidi ya hapo, hadi dakika 8 na sekunde 20, kwa sababu watu wengi hufika ndani ya pengo refu kuliko ndani ya pengo fupi. Na treni inayokuja baada ya dakika 20 inakuta jukwaani umati maradufu, kwa hiyo inakaa sana kituoni, inajaa, na inachelewesha zilizo nyuma yake. Wachumi wa usafiri wamezoea kuipa dakika ya kusubiri uzito wa takriban mara mbili ya dakika ya kuwa ndani ya chombo, na yeyote aliyewahi kusimama kituoni juani anajua kwa nini. Kwa kipimo hicho, dakika 3 na sekunde 20 walizoongezewa watu hawa ni sawa na karibu dakika 7 za safari. Mwenzao wa mwisho wa njia ameokoa 5, tena kwa treni moja kati ya tatu.

Mji wa San Jose, California, uliwahi kulijaribu jambo hili kwa vitendo. Mamlaka ya usafiri ya huko, VTA, yenye reli nyepesi tangu 1987, ilianzisha mwaka 2010 huduma iliyoitwa Commuter Express, ya safari chache za asubuhi na jioni kutoka Santa Teresa, kusini, kuelekea kaskazini kwenye ofisi za kampuni za teknolojia. Kwenye karatasi ilikuwa na kila sababu ya kufanikiwa. Upande wa kusini reli hupita katikati ya barabara kuu ya magari, haina makutano, na vituo kadhaa viliweza kurukwa kwa mfululizo. Ndani ya mabehewa kuliwekwa intaneti ya bure. Lakini treni hiyo hiyo ikiingia katikati ya mji, kwenye mitaa ya First na Second, ilipaswa kutii kikomo cha maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, kwa kuwa reli pale imelazwa pembeni kabisa mwa njia ya watembea kwa miguu. Huo ni mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli bila pupa. Baada ya hapo kulikuwa na taa za barabarani, moja baada ya nyingine, za barabara ya North First. Dakika zilizookolewa kusini zilikuwa za kweli, ila mahali palipokuwa pakiila safari pakaachwa kama palivyokuwa. Leo ramani ya VTA ina njia tatu, ya Bluu, ya Kijani na ya Chungwa, na ekspresi haimo.

Wataalamu wa uendeshaji wana hoja nzito kuliko ya abiria wa pembeni, na inastahili kujibiwa vizuri. Wanasema: si lazima treni ipite nyingine. Gawa vituo viwe vya A na vya B, treni ya A iruke vituo vya B na ya B iruke vya A, vituo vikubwa visimamwe na zote. Kila treni inakwenda haraka, hakuna inayomkuta mwenzake, na kwa kuwa mzunguko mzima umefupika, unahitaji treni na wafanyakazi wachache kutoa huduma ile ile. Chicago iliuanza mpango huo mwaka 1948 kwenye njia ya Lake Street na kuueneza katika sehemu kubwa ya reli zake za juu. Reli ile ni nzito kuliko tunayoizungumzia, ila hesabu ya vituo ni moja. Mpango ulidumu miaka 47. Ulikuwa na akili pale treni zilipokuwa zikifuatana kwa karibu, maana hata ukipewa nusu ya treni, hiyo nusu inatosha. Idadi ya treni ikipungua, nusu hiyo inakuwa adhabu, na anayetoka kituo cha A kwenda kituo cha B hana safari ya moja kwa moja. Lazima ashuke katikati abadilishe. Mwaka 1995 Chicago iliachana nao, treni zikarudi kusimama kila kituo. Upande wa kaskazini wa mji huo bado kuna ekspresi ya Njia ya Zambarau asubuhi na jioni, na sababu yake inaonekana kwa macho: pale kuna reli nne.

Pingamizi la pili ni la umbali. Mtu anayekaa kilomita 40 kutoka mjini hawezi kuambiwa avumilie kusimama kila mita mia tano, kwani atanunua gari. Hili ni kweli, na hapa nakubaliana na watetezi wa ekspresi bila kusita. Mfano bora ninaoujua ni Karlsruhe, Ujerumani. Mwaka 1992 mji huo uliunganisha reli za tramu na reli kuu za taifa, ili tramu itoke mtaani, ipande kwenye reli ya treni kubwa na kwenda hadi Bretten bila abiria kubadilisha chombo. Idadi ya abiria kwenye njia hiyo iliongezeka mara kadhaa ndani ya muda mfupi, na miji mingi ya Ulaya ikaenda kujifunza. Baadaye, kwenye njia ndefu ya S4 kuelekea Heilbronn, kukawa na safari za haraka zinazoruka vituo vidogo vya vijijini. Zinawezekana kwa sababu huko nje reli ni ya treni kubwa, ina stesheni zenye njia za kupishana tangu zamani, na vituo vimeachana mbali. Lakini itazame Karlsruhe yenyewe katikati ya mji. Kwenye mtaa wa maduka wa Kaiserstraße mabehewa yalikuwa yakifuatana kwa wingi kiasi kwamba treni ilikaa foleni nyuma ya treni. Hakuna ratiba ya ekspresi ingeponya hilo. Wananchi walipigia kura pendekezo la kuchimba njia ya chini mwaka 1996 wakalikataa, wakapiga tena mwaka 2002 wakakubali toleo jipya, na handaki likaanza kutumika Desemba 2021. Fedha ziliwekwa pale muda ulipokuwa ukipotea, na manufaa yakaenda kwa kila abiria, wa karibu na wa mbali.

Tofauti hiyo kati ya reli ya masafa marefu na reli ya katikati ya mji inawasaidia pia wasomaji wa Afrika Mashariki wasichanganye mambo. Madaraka Express, iliyozinduliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, ina treni ya moja kwa moja na nyingine inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei na kwingineko, na mpango huo unaeleweka: stesheni zimeachana kwa makumi ya kilomita, treni ni chache kwa siku, na anayesafiri anajua saa yake ya kuondoka tangu alipokata tiketi. Safari za haraka za treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma ni za aina hiyo hiyo. Kuchukua mazoea ya reli ya mikoani na kuyashusha kwenye reli ya mtaani, ambako mtu anafika kituoni muda wowote na kupanda inayokuja, ndiko kunakozaa ahadi zisizotekelezeka.

Kuna njia nyingine ya kupunguza vituo, nayo haimbagui yeyote kwa treni aliyopanda: kuviondoa vile vilivyobanana mno. Portland, Oregon, ilifungua reli yake nyepesi ya MAX mwaka 1986 katikati ya mji ambao vitalu vyake vina urefu wa mita 61 tu. Treni ya mabehewa mawili inakaribia kujaza kitalu kizima, ndiyo maana haiwezi kurefushwa bila kuziba njia panda. Vituo navyo viliwekwa karibu karibu, hatua chache kutoka kimoja hadi kingine. Tarehe 1 Machi 2020 mamlaka ya TriMet ilifunga moja kwa moja vituo vitatu vya eneo hilo ili treni zipite upesi. Waliokuwa wakivitumia waliongezewa hatua kadhaa za kutembea, na wazee na watu wenye ulemavu walikuwa na haki ya kulalamika, kwa hiyo uamuzi wa namna hii unataka njia za miguu zilizo salama kwanza. Hata hivyo gharama yake iko wazi na inajulikana. Treni zote zilipata muda huo huo, saa zote, na hakuna aliyeongezewa kusubiri. Ukiongeza na taa za barabarani zinazoipa treni kipaumbele, tiketi zinazokatwa kabla ya kupanda, na sakafu ya behewa iliyolingana na jukwaa ili kiti cha magurudumu kiingie bila ngazi, unapata mwendo ambao ekspresi huutafuta kwa kuwaacha watu.

Nimesema treni za nyongeza ni jambo jingine, na San Jose ile ile inatoa ushahidi. Mwaka 2014 uwanja wa Levi's ulifunguliwa katika mji jirani wa Santa Clara, wenye nafasi za watu wapatao 68,500, mbele kabisa ya kituo cha reli nyepesi cha Great America. VTA haikungoja siku ya mechi ya kwanza ndipo ianze kufikiri. Ilijenga reli ya pembeni karibu na uwanja kwa ajili ya kugeuza na kuhifadhi treni, na upande wa Mountain View ikaongeza reli ya pili mahali palipokuwa na moja tu. Ukitazama kwa karibu jinsi treni za mechi zinavyofanya kazi utaelewa kwa nini kipande kifupi cha reli kina thamani kubwa. Kabla filimbi ya mwisho haijalia, treni tupu zinakuwa zimepangwa kwenye reli ya pembeni, dereva yupo ndani. Umati unapotoka unagawanywa kwa vizuizi kufuata unakokwenda, tiketi zikiwa tayari mkononi. Ya kwanza inajaa na kuondoka, ya pili inasogea jukwaani. Treni ya mabehewa matatu ikibeba watu 500, na moja ikiondoka kila dakika 5, kwa saa moja watu 6,000 wamekwishaondoka. Ondoa reli ile ya pembeni, na kila treni itatakiwa itoke mbali, iwapite wanaorudi upande wa pili, na pengo la dakika 5 litakuwa 15. Mnamo Februari 2016 uwanja huo ulipokea fainali ya Super Bowl. Mechi iliisha, reli ya pembeni ikabaki, na siku ya kawaida ni mahali pa kuiweka treni iliyoharibika isizibe njia.

Treni za nyongeza hazihitaji uwanja wa mpira ili ziwe na maana. Reli nyepesi ya Hong Kong, iliyofunguliwa mwaka 1988 katika miji ya Tuen Mun na Yuen Long, ina vituo 68 ndani ya kilomita 36 hivi, vingi vikiwa chini ya maghorofa ya makazi. Kuna njia ya 614 inayozunguka kutoka gati la feri la Tuen Mun hadi Yuen Long. Kuna pia 614P, inayoanzia gati lile lile lakini inaishia Siu Hong, mahali ambapo watu hubadilisha na kupanda treni kubwa ya kwenda mjini. Ziko 615P na 751P kwa mantiki hiyo hiyo. Hizi haziruki kituo. Zinasimama kila mahali, ila zinatumika kwenye kipande chenye watu wengi na kugeuka, badala ya kupeleka behewa tupu hadi mwisho wa njia kwa sababu tu ramani inaonyesha njia inaishia huko. Faida kwa abiria wa kipande hicho ni mara mbili: anasubiri kidogo, na treni inayokuja haijajazwa na waliotoka mbali. Huduma ya namna hii haina jina la kuvutia, na huenda ndiyo maana haisikiki kwenye kampeni. New Jersey ilianzisha ekspresi iliyoitwa Bayonne Flyer, jina linalobaki kichwani ukilisikia mara moja. Nani atakumbuka 614P? Wanaoipanda wanaijua, na hilo linatosha.

Atatokea mtu mwenye kuuliza kwa haki: mbona unamnyima mfanyakazi wa pembeni ya mji treni ya haraka, halafu unampa shabiki wa mpira treni ya bure ya kumrudisha nyumbani? Jibu liko kwenye karakana. Kila mtandao hununua mabehewa kwa kipimo cha saa yake yenye abiria wengi, kwa kawaida asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi alasiri au saa 4 usiku sehemu kubwa ya mabehewa hayo imelala. Treni ya mechi inatumia chuma kilichokwisha kulipiwa, katika saa ambayo hakuna anayekihitaji, na gharama inayoongezeka ni posho ya dereva, umeme na walinzi wa jukwaani. Ekspresi ya asubuhi inataka mabehewa saa ile ile ambayo hakuna hata moja la ziada. Kuhusu nauli, waandaaji wa tukio wanaweza kuilipa kupitia tiketi ya kiingilio. Kwenye mashindano ya magari ya Grand Prix huko Melbourne, yanayofanyika Albert Park tangu 1996, tramu za ziada huwachukua watazamaji kutoka katikati ya mji hadi milangoni, na mwenye tiketi ya mashindano hulipiwa safari. Tramu hizo huitwa ekspresi, na kweli huruka vituo, lakini zimeongezwa juu ya zile za kawaida. Hazikunyofolewa kutoka ratiba ya mtu mwingine. Ni kweli pia kwamba mechi ya Jumatano saa 11 jioni ingegongana na wanaotoka kazini. Hapo mamlaka iwe na ujasiri wa kukataa saa hiyo, au wa kusema mapema kwamba treni za nyongeza hazitakuwepo.

Kwetu somo hili lina mahali pa kukaa. Mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza Mei 2016 kwa awamu ya kwanza ya kilomita 21 kutoka Kimara, ni wa mabasi, na mabasi yanapitana: vituo vyake vilijengwa vikiwa na njia ya pili ya kupitia, ndiyo maana ekspresi ya Kimara kwenda Kivukoni inawezekana bila kulaza reli nne. Ubunifu huo ulichangia mji kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018. Hata hivyo malalamiko ya abiria ambayo magazeti yamekuwa yakiyaandika mwaka baada ya mwaka hayahusu mwendo wa basi likishaondoka. Yanahusu kusubiri, na kugombania mlango basi linapofika. Addis Ababa, iliyofungua reli yake nyepesi Septemba 2015, ikiwa na njia mbili, vituo 39 na treni 41, imepitia jambo kama hilo kwa sura nyingine: treni nyingi zimesimama kwa kukosa vipuri na matengenezo, na zinazotembea zimejaa pomoni. Katika mji wa hali hiyo, kuzungumzia ekspresi ni kumsahau abiria aliyeko jukwaani. Treni moja iliyofufuliwa karakanani inafaa kuliko kituo chochote kitakachorukwa.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Viwanja vitajaa, na mechi ikiisha maelfu ya watu watataka kuondoka mahali pamoja. Njia ya mwendokasi ya awamu ya pili inafuata barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa, kwa hiyo swali la treni ya nyongeza, kwetu likiwa bado ni swali la basi la nyongeza, si la nadharia tena. Yatasimama wapi magari matupu yakingoja filimbi? Yatageukia wapi bila kuziba yanayotoka mjini? Nani atagawa umati kabla haujafika jukwaani? Mambo hayo hujengwa kwa mita mia chache za lami au reli, na kwa mazoezi kwenye mechi za ligi, ambazo tunazo kila wiki.

Na kwa wale watakaokaa na wahandisi kupanga reli za mijini za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ombi langu ni moja. Atakapokuja mtu na mchoro wenye mshale mwekundu wa treni ya haraka, mwombeni aweke juu ya meza karatasi mbili zaidi: ya kwanza ionyeshe mahali ambapo treni itapita nyingine, na ya pili ionyeshe dakika ambazo abiria wa kila kituo kinachorukwa atasubiri, kabla na baada. Asipokuwa nazo, mrudisheni akazitafute.